Tunataka kutoroka tukafungie ndoa kisiwa cha Mafia: bila kamati, bila michango. Waliowahi njooni hapa

#1 Kijana wa Tabata
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Nina miaka 33, mwenzangu 29, huu mwaka wa nne tuko pamoja. Kwao nimeshajitambulisha, mahari nimetoa nusu, hakuna familia yenye neno na mwenzake. Kasheshe imeanza Jumapili iliyopita kwenye kikao cha kwanza cha kamati ya harusi. Nimeingia nikijua tunazungumzia watu 150. Nimetoka na bajeti ya milioni 42, watu 400, sendofu mbali, kichenpati mbali, na mjomba ambaye sijamtia machoni tangu niko darasa la saba ndiye mwenyekiti. Rangi ya sare imejadiliwa saa nzima. Sisi wenye harusi hatukuulizwa hata tarehe.

Tukiwa kwenye gari usiku ule mwenzangu akasema, "Kwani tukienda zetu Mafia?" Aliwahi kwenda kikazi mara moja, picha za Chole, kisiwa kidogo cha jirani, anazo kwenye simu mpaka leo.

Mpango wetu: Aprili, wiki ya Pasaka, ndipo likizo zetu zinakutana. Tunapitia bandari ya Nyamisati, boti mpaka mji wa Kilindoni, asubuhi tunafunga ya bomani, jioni tunapelekwa kwenye lile fungu la mchanga katikati ya bahari. Jua linazama huku, mwezi mpevu unatoka kule, mashahidi wawili, mpiga picha mmoja. Tukirudi Dar tunawaambia wazazi kwa adabu.

Karatasi zinachukua muda gani? Inawezekana wazazi wasijue? Kuna aliyewahi? Mimi Mlutheri, yeye Mkatoliki, kama inasaidia.

#2 Mzee wa Kiti cha Mbele
Nimeshakaa. Karanga ziko wapi?

#3 Mchangaji Sugu
Mkuu, kabla hatujafika Mafia: wewe harusi za wenzako umechanga ngapi? Mimi nina daftari. Tangu 2015 nimechanga harusi 17, jina, tarehe, kiasi. Mchango wa harusi ni upatu, tofauti yake hakuna kijumbe. Leo wewe, kesho mimi. Ukitoroka maana yake umewasamehe wote waliokula chako, na wale uliowaahidi "nitakuja kwenu" umewaacha barabarani.

Mimi siamini hizi habari za mapenzi na machweo. Anayetoroka kamati ana moja kati ya mawili: hana kitu, au ana mke mwingine mahali.

#4 Kijana wa Tabata
@Mchangaji Sugu nimechanga harusi 11. Mke mwingine sina. Kitu ninacho kidogo, ndiyo maana sitaki kiishie kwenye mapambo.

#5 Kifungu cha Sheria
Nijibu la karatasi, maana naona watu wataanza kubahatisha.

Tanzania Bara ndoa inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ndoa ya serikali inaanza na taarifa ya kusudio la kuoana, mnampa msajili si chini ya siku 21 kabla ya siku yenyewe. Mnaandika majina, umri, mnapoishi, majina ya wazazi, na kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa. Ile taarifa inatangazwa. Mtu mwenye kujua kizuizi cha kisheria anaweza kuweka pingamizi, kwa mfano mmoja wenu ana ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, au ni ndugu wa damu. "Sikupendezwa naye" si kizuizi. Mwanamke aliyetimiza miaka 18 hahitaji idhini ya mzazi. Mahari ambayo haijaisha haibatilishi ndoa, ingawa mkwe anaweza kukudai.

Mashahidi wasipungue wawili. Kuna pia leseni maalumu ya Msajili Mkuu, ile inayoweza kuwaondolea sharti la siku 21. Ulizeni RITA, wakala wa usajili wa serikali, mapema, na msajili wa Kilindoni mpigieni kabla ya kukata tiketi. Msiende mkategemea kumkuta mezani. Naye ni mtu, ana vikao, ana misiba.

#6 Dada Mwenye Gubu
Ngoja nielewe vizuri. Wanakwenda kuoana kwa siri, na siri yenyewe inabandikwa ubaoni wiki tatu??

#7 Kifungu cha Sheria
@Dada Mwenye Gubu ndivyo sheria ilivyo. Ndoa ya faragha ipo, ndoa ya siri haipo.

#8 Mzee wa Kiti cha Mbele
Nacheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia.

#9 Mtu wa Uyole
Mnasumbuka bure. Kaeni nyumba moja miaka miwili, sheria inawahesabu mke na mume. Hakuna boti, hakuna ubao.

#10 Kifungu cha Sheria
@Mtu wa Uyole hiyo imepotosha wengi. Kifungu cha 160 kinazungumzia dhana ya ndoa: mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume, mahakama INADHANI mmeoana. Dhana hupingwa kwa ushahidi ikavunjika. Cheti hupati. Watu hukikumbuka kifungu hiki wakishagombana au mmoja akishafariki.

#11 Mpemba wa Kariakoo
Nyote mnataja sheria ya Bara na Mafia ni kisiwa. Visiwa ni Zanzibar, sheria yake mbali.

#12 Popo wa Chole
@Mpemba wa Kariakoo ndugu yangu, umekosea kisiwa. Zanzibar kweli ina sheria zake na hii ya 1971 haifiki huko. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Zamani ilikuwa chini ya Sultani, Wajerumani wakaichukua 1890, Waingereza wakaiteka mapema 1915 katikati ya vita, na mwaka 1922 ikawekwa rasmi chini ya Tanganyika. Mimi nimezaliwa Chole, baba yangu amezaliwa Chole, na kila nikifika Dar naulizwa kama nimekuja na pasipoti.

Kijana, nikurekebishe na wewe mambo matatu.

La kwanza, Aprili ni masika. Kunanyesha mvua inayokaa siku nne bila kupumua, na hoteli kadhaa za kijiji cha Utende hufunga kipindi hicho. Njoo Oktoba au Novemba, kusi imekata na kaskazi haijakolea. Wakati huo na papa potwe ndio wanaanza kuonekana upande wa Kilindoni.

La pili, machweo. Utende na ghuba ya Chole zinaangalia mashariki. Jua linazama nyuma yenu, juu ya minazi, huko Kilindoni. Nimeshawaona wapiga picha wa Dar wamesimika miguu yao mitatu ufukweni Utende saa kumi na moja jioni wakisubiri jua upande ambao halijawahi kuzama tangu dunia iumbwe. Mkitaka picha ya Utende, amkeni alfajiri.

La tatu, siri. Kisiwani hakuna siri. Mkishuka gatini Kilindoni saa nane, saa kumi mama muuza vitumbua anajua mmekuja watu wangapi na nani kabeba nini.

#13 Mpemba wa Kariakoo
Nimekubali, Popo. Lakini jina hilo nalo, mnajiitaje Mafia? Mnauza unga?

#14 Popo wa Chole
Kaa kimya wewe. Wengine husema limetoka Kiarabu, neno la kundi la visiwa. Wazee wetu wanasema ni "mahali pa afya", limefupishwa. Wale wa Sicilia hatuna undugu nao.

#15 Mwalimu Asiyeitwa
"Mahali pa afya" kuwa Mafia? Hiyo ni hadithi ya kutungwa baada ya jina. Sauti haziendi hivyo.

#16 Popo wa Chole
@Mwalimu Asiyeitwa kamwambie bibi yangu.

#17 Nahodha wa Ngalawa Mbili
Samahani nimechelewa, nilikuwa majini. Swali la fungu ni langu, watu nawapeleka mimi.

Kijana anasema Pasaka, mwezi mpevu, jua linazama, yuko juu ya fungu. Sikilizeni. Pasaka siku zote inakuja mwezi ukishapevuka. Mwezi ukipevuka ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Bamvua huku kwetu maji yanajaa kama saa kumi jioni, saa kumi na mbili ndiyo kwanza yanarudi nyuma. Fungu liko chini ya maji. Hapo utasimama wapi na gauni? Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku ya tatu, ya nne baada ya mwezi kupevuka, jua linazama maji yamejaa kabisa. Ukingoja mpaka wiki iishe, maji yanakupwa alasiri, sawa, lakini ni maji mafu, hayatoki sana. Fungu linakuonyesha mgongo tu kama pomboo.

Fungu la bamvua ni la saa nne asubuhi. Hapo linatoka jeupe, refu, unatembea mpaka unachoka. Ukitaka mwezi na jua kwa pamoja, kaa nchi kavu.

Nina kisa. Kuna maharusi niliwapeleka na mchungaji wao, watu saba. Tumefika saa tatu na nusu, fungu safi. Nikasema saa sita kamili tunapanda. Saa sita mpiga picha akasema dakika tano. Akamlaza bibi harusi, akamsimamisha, akamwambia bwana harusi akimbie aje tena. Mimi naangalia maji yanavyolamba nanga. Nikapiga kelele, wakanipungia mkono wakidhani nawapongeza. Maji ya bamvua yakianza kujaa hayatembei, yanakuja kwa pande zote, unageuka unakuta ulipotoka hapapo. Walifika kwenye boti yamewafika mapajani. Mchungaji kashika kitabu juu ya kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyeambiwa asalimu amri. Viatu vya bibi harusi vilikuwa vimewekwa pembeni visiingie mchanga. Vikaenda. Kesho yake nimefika Jibondo nikakuta mtoto kafunga uzi kwenye kimoja, anakivuta ufukweni, ngalawa yake. Kakiwekea na tanga la mfuko wa plastiki.

Sikumnyang'anya.

#18 Dada Mwenye Gubu
Uzi ufungwe hapa. Hakuna kitakachoizidi hiyo ngalawa.

#19 Shangazi Tunu
Msifunge, mimi nilifanya. Mwaka 2017, Mafia hiyo hiyo.

Tulikwenda kwa ndege ndogo, zile za abiria kumi na kitu. Mzigo kilo 15, na wanapima kweli. Gauni langu nililipima kwa mzani wa muuza nyanya mtaani, kilo sita na nusu bila viatu. Basi ile sketi ya ndani yenye matabaka nikaivaa mwilini, juu nikatupia dera. Nimepanda ndege nimevimba kama mwamvuli, kijana wa kupakia mizigo akaniuliza kwa huruma, "Mama, mimba ya miezi mingapi?" Nikamjibu saba.

Tulikuwa na mashahidi wawili. Mmoja akakosa ndege. Tumesimama Kilindoni, msajili anaangalia saa, mume wangu anaangalia chini. Jirani na pale alikuwepo mama lishe ambaye asubuhi tulikunywa uji kwake. Nikamfuata. Akaja na unga wa chapati mikononi, akajifuta kwenye kanga, akasoma karatasi yote, polepole, hakuruka mstari. Halafu akaniangalia: "Mwanangu, mama yako anajua?" Nikasema anajua. Akasaini. Alama ya kidole chenye unga ipo kwenye nakala yangu mpaka leo, imekuwa doa la njano.

Mama yangu hakujua. Alijua siku ile ile jioni. Mtoto wa jirani yetu wa Kigogo alikuwa anafundisha Kirongwe, akaja Kilindoni kufuata mshahara, akaniona na gauni barabarani. Kabla sijala chakula cha usiku, Kigogo nzima inajua. Mama alikaa mwaka na miezi minne hapokei simu yangu. Alipokuja kuzungumza hakusema neno kuhusu harusi. Alisema, "Mama Rehema ndiye aliyenipa hongera."

Mume wangu nampenda na pesa tuliyookoa tulinunulia kiwanja Kivule. Sijui kama ningerudia. Siku nyingine nasema ndiyo, siku nyingine namwangalia mama anavyotazama picha za harusi ya mdogo wangu.

#20 Mchangaji Sugu
Shangazi Tunu pole, lakini ona: mlichonunua ni kiwanja. Nilisema mapema, kutoroka ni hesabu za pesa, mengine ni maua.

#21 Shangazi Tunu
@Mchangaji Sugu hapana. Pesa za kamati zilikuwepo. Tulitoroka kwa sababu baba yangu mkubwa alitaka kunishika mkono kuniingiza ukumbini, na kuna sababu za utotoni sikutaka anishike. Siwezi kulisema hilo kwenye kikao chenye mwenyekiti na mweka hazina.

#22 Mchangaji Sugu
Nimenyamaza. Samahani.

#23 Katekista Mstaafu
Kijana amesema binti ni Mkatoliki, mkapita kama hamkusoma. Mkatoliki anafungwa na utaratibu wa ndoa wa Kanisa: mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Akifunga bomani tu, serikali inamtambua, Kanisa halimtambui, na komunyo atakaa nayo mbali mpaka ndoa irekebishwe. Na kwa kuwa kijana ni Mlutheri, hiyo ni ndoa ya mseto, inahitaji ruhusa ya askofu. Mwulize mwenzako kama hilo amelipima au anaona fungu la mchanga tu. Halafu usidhani kanisani utakwepa tangazo: ni Jumapili tatu mfululizo.

#24 Kijana wa Tabata
@Katekista Mstaafu asante. Hilo tulilizungumza juujuu. Leo nimemwuliza tena, kanyamaza muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

#25 Mwana wa Nam Lolwe
Wabongo habari zenu. Kwetu Ujaluo kutorosha msichana kuna jina lake, por. Ilikuwa na taratibu zake kabisa, na baada ya hapo wazee wanakaa, ng'ombe zinahesabiwa. Yaani ulitoroka lakini njia ya kurudi ilikuwa inajulikana. Sasa nyinyi mnatoroka kwenda wapi, hotelini?

Nimezaliwa Rusinga, na nawaambia kisiwa ndicho mahali pabaya pa kujificha. Siku hizi kuna daraja kutoka Mbita, shemeji zako wanakuja na pikipiki. Labda Mfangano, huko bado ni boti.

Kwa wakaka na wadada wa Kenya wanaosoma: sheria yetu ya ndoa ya 2014 nayo inataka notisi ya siku 21, isizidi miezi mitatu.

#26 Bint Makorora
Mimi nauliza la Waislamu. Binamu yangu na mchumba wake wanasema wakifika Mafia kadhi atawaozesha bila baba yake kwa sababu ni mbali. Kweli?

#27 Ustadh Barabara ya 9
@Bint Makorora kwa madhehebu yetu ya Shafii mwanamke haozeki bila walii, yaani mlezi wa kumwozesha, kama baba. Walii akiwa mbali masafa ya marhala mbili, yaani masafa ya msafiri kukusuru (kufupisha) sala, hakimu anaweza kusimama mahali pake. Kwa kilomita wanakadiria themanini na kitu, wengine wanafika tisini na kitu.

#28 Mpemba wa Kariakoo
Dar mpaka Kilindoni ni zaidi ya kilomita 120! Kumbe ndiyo sababu watu wanakimbilia visiwani! Nimepata jibu la uzi.

#29 Ustadh Barabara ya 9
@Mpemba wa Kariakoo sikusema hivyo. Masuala ya walii aliye mbali yamewekwa kwa ajili ya dharura. Binti kumkimbia walii kwa makusudi ili umbali utimie ni mjadala mwingine, na wanaoujadili hawakubaliani. Isitoshe kadhi yeyote mwenye akili atauliza baba yuko wapi, na siku hizi baba ana simu. Atampigia hapo hapo mmekaa mkekani.

#30 Mzee wa Kiti cha Mbele
Ndoa ya mkeka nyingine hiyo, ya kupigiwa simu.

#31 Mswahili wa Hamburg
Niwape ya huku. Wengi wetu tunaoishi Ujerumani tumetorokea kisiwani, na si kwa mapenzi ya bahari. Ofisi ya ndoa ya huku inataka hati za nyumbani zihakikiwe, na yangu ilizunguka kati ya ubalozi na Dar miezi saba. Jirani yangu Mghana akaniambia nenda Ærø. Ni kisiwa cha Denmark, kidogo, nyumba za rangi rangi, watu wanaotoka nchi mbalimbali wanakwenda pale kuoana. Unapanda feri Svendborg, saa moja na robo uko Ærøskøbing.

Tangu 2019 unaomba kwanza kibali kwenye mamlaka yao ya masuala ya familia, kinadumu miezi minne, ndipo manispaa wanakupa siku. Mashahidi kama huna wanakupa wao. Wetu walikuwa kina mama wawili wazee, mmoja alilia kuliko mke wangu. Dakika 15 imeisha. Tukala samaki, upepo unataka kuondoka na sahani.

Nyumbani walifanya sherehe bila sisi, Magomeni, wakatuweka kwenye simu juu ya meza kuu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya soda. Ikaishiwa chaji kabla ya keki.

#32 Dada Mwenye Gubu
Kwa hiyo Mchangaji anasema ni pesa, Shangazi anasema ni mtu usiyemtaka akushike mkono, Mpemba anasema ni kilomita, Hamburg anasema ni karatasi. Mimi naona ni picha tu. Kabla ya mitandao nani alijua kuna fungu la mchanga?

#33 Nahodha wa Ngalawa Mbili
Sisi tulijua. Tunaanikia nyavu.

#34 Popo wa Chole
Kwa kuwa mmeshatoka nje ya mada, niwape harusi maarufu kuliko zote Mafia. Kisiwa cha Juani kuna magofu ya mji wa Kua, misikiti, jumba, mbuyu umepasua ukuta. Wazee wanasimulia kwamba watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia, walijenga jahazi, siku ya kulishusha wakawaalika wa Kua, wakawakamata watoto wao wakawalaza, jahazi likashushwa majini juu ya miili yao. Kua wakanyamaza. Miaka ikapita. Kisha wakawaalika Kisimani kwenye harusi. Karamu ikaandaliwa kwenye chumba cha chini ya ardhi, ngoma, chakula, ubani. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, pole pole, mpaka akabaki mzee mmoja anawachangamsha wageni. Mlango ukajengwa kwa nje. Mzee alibaki na wageni.

Mji wenyewe baadaye ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Lakini ukiuliza kwetu kwa nini Kua kumekufa, watu wazima watakutajia hiyo harusi kwanza.

#35 Mwalimu Asiyeitwa
Hadithi za namna hiyo miji mingi ya pwani inazo. Chumba chenyewe wachimbaji hawajakipata.

#36 Popo wa Chole
Hujaitwa.

#37 Mzee wa Kiti cha Mbele
@Kijana wa Tabata ukialikwa Juani, kaa karibu na mlango.

#38 Mkazi wa Segerea
Samahani, mwenyekiti mjomba, watu 400, Tabata, sare zimejadiliwa saa nzima... kikao kilikuwa baa moja nyuma ya sheli, Jumapili saa tisa? Na mweka hazina alikuja na mtoto anayelia?

#39 Kijana wa Tabata
Hapana. Ni kingine.

#40 Mkazi wa Segerea
Haya. Mimi ndiye nilikuwa naandika kumbukumbu za hicho "kingine". Rangi ni zambarau na dhahabu kwa taarifa yako, haijabadilika. Sijaona uzi huu.

#41 Mzee wa Kiti cha Mbele
HAHAHAHA jamani nashuka kituo kisicho changu

#42 Kijana wa Tabata
Wakuu, wiki tano zimepita, nimeona niwape mrejesho.

Katibu hakusema, namshukuru. Tumesogeza kutoka Aprili, sasa ni Novemba, Nahodha na Popo asanteni. Paroko tumemwona. Alimsikiliza mwenzangu zaidi kuliko mimi, barua kwa askofu imeandikwa, na kama kutakuwa na padre wa kuja Mafia ama tufungie Dar kwanza, bado hatujajua. Machweo tumeacha, tunachukua asubuhi.

Mwenzangu baada ya kusoma ya Shangazi Tunu alimwambia mama yake. Mama hakukasirika. Aliuliza boti zinaondoka saa ngapi. Kisha akasema dada yake hawezi kuachwa. Nami kwa haki nikamwambia mama yangu, naye akamtaja bibi. Mjomba mwenyekiti kapata habari, kasema hataki kuingilia, anakuja kama mtu wa kawaida.

@Nahodha boti yako inachukua watu wangapi?

#43 Nahodha wa Ngalawa Mbili
Kumi na wawili, na majaketi kumi na mawili. Bibi ana miaka mingapi? Kupanda ni kwa ngazi, na pale Utende maji yakipwa mnatembea ndani ya maji kidogo kabla ya kuifikia boti.

#44 Kijana wa Tabata
81. Anasema amezaliwa Kilwa, maji hayajui yeye? Jumla tuko kumi na mmoja. Na mpiga picha kumi na wawili.

#45 Mkazi wa Segerea
Kumi na tatu. Kumbukumbu nani ataandika?

#46 Nahodha wa Ngalawa Mbili
Mpiga picha abaki Utende.